Ufunguo wa Mlango Anao Nani? Kuzielewa Manga za Msichana wa Dunia Mbili

Ukikaa na vijana wanaofuatilia katuni za Kijapani, haichukui muda kabla ubishi haujazuka. Mmoja anasimulia habari za msichana aliyetumbukia kisimani akaibukia zama za kale. Mwenzake anadakia kwamba hiyo ni isekai. Wa tatu anakataa, eti kwenye isekai lazima ufe kwanza. Wa nne, ambaye hadithi zake huzisoma kwenye simu kwa kuteremsha ukurasa kwa kidole gumba, anauliza kwa nini hiyo ya kisima haina rangi. Mzazi aliye sebuleni anasikia "zimwi", "kuhani", "mungu wa kusini", anapunguza sauti ya televisheni na kutega sikio. Huyu mtoto anasoma nini?

Hakuna wa kumlaumu hapo. Hadithi za msichana aliyegawanyika kati ya dunia mbili, huku mapenzi yakimvuta kamba, kwa juu zinaonekana nyepesi: binti, kijana mtanashati, uchawi kidogo, machozi mengi. Ukizama ndani unakuta zina kanuni zake, historia yake ndefu, na swali moja ambalo watu wengi hulikosa kwa sababu wanakimbilia kuuliza "atamchagua nani?"

Onyo dogo: nitataja miisho ya baadhi ya hadithi. Asiyependa kumaliziwa utamu aruke majina.

Kwanza tuelewane

Manga ni vibonzo vya Kijapani, hadithi iliyochorwa ndani ya visanduku, kwa kawaida kwa wino mweusi tu. Hutoka sura moja moja kwenye majarida ya kila wiki au kila mwezi, kisha sura hukusanywa na kufungwa kuwa juzuu. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama zilivyosomwa tenzi za pwani zilipoandikwa kwa hati za Kiarabu, kwa hiyo ukiona mazungumzo hayashikani, huenda umeanzia mwisho wa kitabu. Anime ni michoro inayotembea, ile ya televisheni. Mara nyingi anime huzaliwa na manga iliyopendwa, lakini hivi si vitu viwili vinavyofanana sawasawa, na tutaona baadaye jinsi tofauti hiyo ilivyowaacha watu njia panda kwa miaka mitano.

Zile za rangi za kuteremsha kwa kidole ni webtuni, na nyingi zinatoka Korea Kusini. Zimetengenezwa kwa ajili ya skrini ya simu tangu mwanzo. Hadithi zake za mapenzi zinafanana na za Japani kama ndugu wa baba mmoja, lakini nyumba ni mbili.

Halafu kuna majina ya shonen na shojo, ambayo yameleta ugomvi mwingi usio na sababu. Shonen ni majarida yanayolenga wavulana, shojo ni yanayolenga wasichana. Kuna mengine ya wanaume wazima na ya wanawake wazima. Majina hayo yanakwambia mchapishaji alikuwa anamuuzia nani, basi. Hayakwambii ndani kuna nini. Inuyasha, ile ya kisima, ambayo watu wengi wangeapa kuwa ni ya wasichana kwa jinsi ilivyojaa wivu na mapenzi, ilichapishwa kwenye Weekly Shonen Sunday, jarida la wavulana. Mwandishi wake ni mwanamke, Rumiko Takahashi.

Imebaki isekai. Maana yake ni dunia nyingine, na hutumika kwa hadithi yoyote ambayo mhusika anaondoka kwenye maisha ya kawaida akajikuta mahali penye sheria tofauti. Humo ndani kuna makundi mawili. Kuna wanaohama na mwili wao na nguo zao, na kuna wanaokufa wakazaliwa upya. Hili la pili ndilo lililotawala miaka ya karibuni, kwa kiasi kikubwa kupitia riwaya zilizoanza kuandikwa bure mtandaoni kwenye tovuti kama Shosetsuka ni Naro, iliyoanzishwa mwaka 2004. Humo ndimo ulimotoka utani wa lori: kijana anavuka barabara, lori linamgonga, anafumbua macho akiwa kwenye nchi ya mazimwi. Kwa wasichana imeota aina yake, ambapo mhusika anaamka ndani ya mwili wa yule binti mwovu wa kwenye hadithi aliyowahi kuisoma au mchezo aliowahi kuucheza, na kazi yake inakuwa kukwepa mwisho mbaya anaoujua tayari.

Kwa hiyo kijana wa tatu pale mwanzo, anayesema lazima ufe, anaijua isekai ya kizazi chake. Kizazi kilichomtangulia kiliingia kwa miguu yake.

Mlango

Sasa tuje kwenye kiini. Ukitaka kuielewa hadithi yoyote ya namna hii, mwache kwanza yule kijana mtanashati. Uliza mlango wa kuingilia dunia ya pili ukoje, unafunguka upande gani, na ufunguo wake anao nani. Ukishalijibu hilo, nusu ya hadithi umeimaliza, maana mlango ndio unaoamua aina ya maumivu atakayoyapata huyo msichana.

Mchukue Kagome Higurashi wa Inuyasha. Anaishi Tokyo kwenye hekalu la Shinto, dini ya jadi ya Wajapani, linalotunzwa na babu yake. Siku anayotimiza miaka 15, zimwi lenye mwili wa tandu linamvuta ndani ya kisima kikavu kilichomo kwenye kibanda pale uani. Anaibukia Japani ya vita vya watemi, miaka 500 hivi nyuma. Huko anamkuta Inuyasha, chotara wa zimwi na mwanadamu, amebanwa kwenye shina la mti kwa mshale tangu miaka 50 iliyopita. Aliyempiga mshale ule ni Kikyo, kuhani aliyekuwa mpenzi wake. Kagome anauchomoa. Muda mfupi baadaye mshale wake mwenyewe unakivunja kito chenye nguvu za ajabu, vipande vinatawanyika nchi nzima, na kazi ya kuviokota inakuwa yao wawili.

Hadi hapo ni hadithi ya safari kama nyingine. Kinachoitofautisha ni kisima. Kinapitika kwenda na kurudi, na wanaopita ni Kagome na Inuyasha tu. Kwa hiyo Kagome hapotei. Anarudi nyumbani kuoga maji ya moto na kufanya mtihani, anajaza mkoba tambi za kikombe, anarudi kisimani. Shuleni babu yake anamwombea ruhusa kwa kumtungia magonjwa, mengine ya kizee kabisa ambayo hayamfai binti wa miaka 15. Hojo, mwanafunzi mwenzake anayempenda, anayaamini yote, na kila akimwona anamletea zawadi za kumsaidia apone. Marafiki zake wanataka kujua huyo mvulana wake mkorofi ni nani. Kule ng'ambo ya kisima anatembea na sare ya shule katikati ya mapanga.

Watu husema mlango wa kwenda na kurudi unaipunguzia hadithi uzito, maana anaweza kurudi wakati wowote. Mimi naona kinyume chake. Aliyefungiwa nje hana la kuchagua, atalia, atazoea. Mwenye mlango wazi anachagua kila siku, na kila anapochagua kuna mtu anamwacha. Kagome akiwa kwenye dawati anawaza waliojeruhiwa kule. Akiwa kule anawaza hesabu alizozikosa. Na wakigombana na Inuyasha, kitu anachotishia ni kimoja: naenda kwetu. Naye huwa anaenda kweli, mpaka yule mbabe mwenye makucha apite kisimani kumfuata.

Waswahili walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Inuyasha anatisha, ana mdomo mchafu, lakini shingoni amevishwa shanga za dua, na Kagome akitamka neno moja tu, "kaa!", jamaa anaanguka kifudifudi kama gunia. Wachoraji wengi wangelitumia jambo hilo mara moja wakaliacha. Takahashi amelirudia mara nyingi kupita kiasi, na bado linachekesha.

Upo mgawanyiko mwingine ndani ya huo wa kwanza. Kagome ni Kikyo aliyezaliwa upya. Baadaye Kikyo mwenyewe anarudishwa duniani kwa mwili uliofinyangwa kwa udongo na mifupa yake, na Inuyasha hajamsahau. Kwa hiyo binti huyu anayekanyaga zama mbili anajiuliza pia kama anapendwa yeye au inapendwa sura aliyoirithi. Hapo ndipo pembe tatu ya mapenzi inapoacha kuwa kivutio cha kuuzia gazeti. Kikyo ni wa dunia ile kwa kuzaliwa. Kagome ni mgeni. Kumpoteza Inuyasha kungekuwa na maana ya kuambiwa kwamba hata huku hukuwa na mahali.

Manga hiyo ilianza Novemba 1996 ikaisha Juni 2008, sura 558 katika juzuu 56. Wasomaji walikua miaka kumi na kitu, wengine wakaoa, na Kagome kwa saa yake ya hadithi alikuwa bado binti wa shule. Kisha kisima kinafunga. Miaka mitatu inapita, Kagome anahitimu, na siku moja anainama kwenye kisima anaona anga upande wa pili. Mama yake anakuja nyuma yake. Anaelewa bila kuelezwa sana. Kagome anaondoka, na safari hiyo haina kurudi.

Nimesikia wanaoilalamikia tamati hiyo, kwamba msichana aliyesoma miaka yote ameacha kila kitu kwa ajili ya mume. Lalamiko lina uzito. Ila tazama Takahashi alichokifanya kabla: amemfungia mlango miaka mitatu, amemwacha akue, asome, amalize, aishi bila Inuyasha, ndipo akaufungua tena. Aliyeingia kisimani mara ya mwisho alikuwa ameshayaonja maisha yote mawili.

Kitabu kinachomla msomaji

Mlango wa pili ni wa ajabu zaidi. Katika Fushigi Yugi ya Yuu Watase, iliyochapishwa miaka ya 1990 kwa juzuu 18, Miaka Yuki (Miaka hapa ni jina la msichana) na rafiki yake Yui Hongo wanaingia maktaba ya taifa ya Japani na kufungua kitabu cha zamani cha Kichina kuhusu miungu wanne wa pande nne za dunia. Kitabu kinawavuta ndani. Miaka anakuwa kuhani wa Suzaku, ndege mwekundu wa kusini. Anatakiwa kuwakusanya mashujaa saba, amwite mungu huyo, naye atampa matakwa matatu.

Huku Tokyo, kaka yake Keisuke anakishika kile kitabu na kuanza kukisoma, na maandishi yanayotokea ni maisha ya mdogo wake. Anasoma amejeruhiwa. Anasoma amependa. Hawezi kufanya kitu zaidi ya kufungua ukurasa unaofuata. Nasema bila kusita kwamba huo ni uvumbuzi mkubwa kuliko mapenzi yote yaliyomo ndani ya hadithi hiyo, kwa sababu mwandishi amemweka msomaji ndani ya kitabu akamvika nguo za kaka mtu.

Ufunguo hapa anao nani? Kitabu chenyewe, na kitabu kina njaa. Kila takwa analopewa kuhani linamla, na mwenye roho dhaifu humalizwa. Hayo Miaka hakuambiwa mapema. Pili, mlango umekaa juu ya urafiki. Miaka anaporudi Tokyo, Yui anavutwa kuingia. Anaamini ametelekezwa, anaingia mikononi mwa mtu mjanja wa nchi adui, anakuwa kuhani wa Seiryu, joka la mashariki. Wasichana wawili waliokuwa wakijiandaa pamoja kwa mtihani mmoja sasa wana majeshi mawili. Wanaoisoma kwa ajili ya Tamahome, yule mpenzi, wana haki yao, lakini kidonda cha hadithi ni Yui.

Na Tamahome ni mtu wa kitabuni. Utamleta vipi mtu wa kitabuni kwenye mitaa ya Tokyo? Watase alilijibu kwa kuzaliwa upya: mpenzi anatokea tena upande wa Miaka akiwa na jina jingine. Ni kinyume cha Kagome. Huko msichana alihamia kwa mvulana, huku mvulana anahamia kwa msichana, na dunia ya hadithi inabaki kuwa hadithi.

Kuna mlango wa tatu, mkali kuliko hiyo miwili: ule ambao ufunguo wake anao adui. Yuri Suzuki, wa Sora wa Akai Kawa no Hotori ya Chie Shinohara (1995 hadi 2002, juzuu 28), ananyakuliwa kupitia maji na kuibukia Hattusa, mji mkuu wa dola ya Wahiti katika eneo ambalo leo ni Uturuki. Aliyemleta ni malkia Nakia, mwenye nguvu za maji, na alimleta achinjwe kafara ili mwanawe arithi kiti. Anaokolewa na mwana mfalme aitwaye Kail Mursili. Wahiti walikuwepo kweli, Mursili wa Pili alitawala kweli katika karne ya 14 kabla ya Kristo, na cheo cha Tawananna, malkia mkuu, kilikuwepo kweli. Yuri anachukuliwa kuwa mungu Ishtar kwa umbo la binadamu, anaongoza vita, na mwishowe anabaki. Shinohara anakufundisha siasa za kale bila wewe kujua kama umeingizwa darasani.

Kabla yao wote alikuwepo Carol, msichana wa Kimarekani anayesomea mambo ya kale Misri katika Ouke no Monshou ya Chieko Hosokawa. Kaburi la farao linafunguliwa, dada wa farao huyo anamvuta Carol hadi Misri ya kale, na huko farao kijana anampenda. Hiyo ilianza mwaka 1976. Imepita juzuu 60. Carol amerudi karne yake, ametekwa tena, amerudi, na wako bibi na wajukuu walioisoma kwa zamu.

Kwa nini miaka 15?

Angalia umri. Kagome ana 15. Miaka ana 15. Yuri ana 15. Si bahati nasibu. Nchini Japani elimu ya lazima ni miaka tisa, inaishia sekondari ya chini. Ukitaka kuendelea unafanya mtihani wa kuingia shule ya juu, na shule utakayoipata inaanza kupanga chuo, kazi, pengine hata mtaa utakaoishi. Miaka anabanwa na mama yake aingie shule ngumu. Kagome anakimbizana na masomo anayoyakosa. Yuri amefaulu karibuni tu, na siku zake zimeanza kunyooka, ndipo maji yanapomkamata.

Aliyewahi kukaa nyumba yenye mtoto wa kidato cha nne miezi miwili kabla ya mtihani anaijua hali hiyo: simu imefichwa, wageni wanaambiwa waongee taratibu, na kila shangazi anayepiga anauliza maandalizi yanaendeleaje. Sasa fikiria mtoto huyo akatoweka kwa mlango ambao nyie hamuuoni, akaenda mahali ambapo hakuna anayeuliza alama zake. Huko anahitajika. Anabeba upinde, ana neno linalosikilizwa, akifa watu watalia kwa sababu yake mwenyewe.

Ndiyo maana nasema dunia ya pili haijawekwa ili kumpatia mchumba. Mchumba ni sura ya hiyo dunia. Akisema "nampenda", nusu ya maana ni "hapa nahesabika". Na kinachomrudisha nyumbani nacho kina sura za watu: mama, kaka, rafiki, babu mwenye uongo wa magonjwa. Msichana hajagawanyika kati ya wavulana wawili. Kagome angekuwa anachagua kati ya Inuyasha na Hojo, tungemaliza juzuu ya kwanza.

Mambo haya ni ya zamani kuliko manga. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita Wajapani waliandika hadithi ya mkata mianzi aliyekuta binti mdogo ndani ya mwanzi unaong'aa. Kaguya anakua, anaposwa na wakuu watano, anawapa masharti yasiyowezekana, hata mfalme mkuu anamtaka. Kumbe kwao ni mwezini, na siku ya kufuatwa inafika. Watu wa mwezi wanakuja na vazi la manyoya. Akivishwa tu, huzuni yote ya duniani inamtoka, na wazee waliomlea wanakuwa si kitu kwake. Kabla ya kuvaa anaomba muda kidogo amwandikie mfalme barua. Zipo pia imani za watu kutoweka wakisemwa kuwa wamefichwa na miungu, jambo ambalo msikilizaji wa pwani yetu, aliyekulia na habari za mtu kuchukuliwa na majini akarejea siku nyingi baadaye, halimpi shida kulielewa.

Kuhusu mzazi wa sebuleni

Hofu yake kuhusu mazimwi na makuhani inaeleweka. Waandishi hawa hutumia mali ghafi ya utamaduni wao: mahekalu ya Shinto, mafundisho ya Kibuddha, mazimwi ya masimulizi ya vijijini. Miungu wanne wa Fushigi Yugi wanatokana na elimu ya nyota ya Wachina wa kale, walioigawa anga kwa pande nne, kila upande na makundi saba ya nyota. Ndiyo maana mashujaa wa kila kuhani ni saba. Hakuna anayeitwa kwenye ibada. Ni sawa na simulizi zetu za zimwi: aliyezisikia hakujiunga na mazimwi.

Mimi ningekuwa mzazi ningeangalia kingine. Baadhi ya hadithi hizi, Fushigi Yugi na ya Yuri zikiwemo, zina matukio ya kutishia au kujaribu kubaka, kuna damu, kuna wanaume wazima wanaowataka watoto wa miaka 15 na mwandishi haoni shida. Nyingine zinasifia wivu wa mwanamume kana kwamba ni ushahidi wa mapenzi. Michoro ya maua na macho makubwa isimdanganye mtu kwamba kitabu ni cha mtoto wa darasa la tano. Kaa naye, soma juzuu ya kwanza, uliza.

Lipo na lile la kwamba wasichana hawa ni wa kuokolewa tu. Linamfaa Miaka kwa kiasi. Binti yule ana kipaji cha kutumbukia matatani na njaa isiyokwisha. Kwa Yuri, aliyeshika jeshi, halina nafasi.

Na ule ubishi mwingine, wa kama Kagome alibaki au hakubaki, chanzo chake ni televisheni. Anime ya Inuyasha ilianza mwaka 2000 ikasimama 2004 baada ya vipindi 167, wakati manga bado inaendelea. Hakuna aliyepewa mwisho. Sehemu ya kumalizia, vipindi 26, ilikuja 2009 hadi 2010. Walioacha katikati wamebaki na hadithi isiyo na tamati na wengine wameijazia wenyewe. Kisha mwaka 2020 ikaja Yashahime, anime ya watoto wa wahusika wale wale, na aliyeanzia hapo anajua Kagome alibaki kabla hajajua kwamba alikuwa na pa kurudi. Ukitaka kubishana, bishana na aliyefika sura ya 558.

Asiye na subira ya juzuu 56 aanze na Kanata Kara ya Kyoko Hikawa, juzuu 14 tu, iliyopata tuzo ya Seiun ya hadithi za kubuni za kisayansi mwaka 2004. Wenzake wengi wakiingia dunia ya pili wanakuta watu wanaongea lugha wanayoielewa, sijui kwa muujiza gani, na hakuna anayeuliza. Noriko anaingia haelewi hata salamu. Anaonyesha vitu kwa kidole, anarudia majina, anakosea, na Izark, aliyemwokoa, anajibu kwa maneno ambayo msomaji naye hayaelewi. Mapenzi yao yanasubiri mpaka binti ajifunze kusema.